Daftari la Fundi: Vikosi vya Stars Ambavyo Kocha Hakuwahi Kuviona

Leo hatuongelei nani kaachana na nani. Leo tuongelee ugonjwa ambao Wabongo wote tunao, wa kupanga kikosi cha Taifa Stars.

Si unamjua yule jamaa ambaye hajawahi kuchezea hata timu ya darasa, lakini siku moja kabla ya mechi ya kufa na kupona anakwambia beki wa kushoto apumzike, kiungo ashuke chini, straika wa pili aingie? Ni mimi. Ni wewe. Ni konda wa Coaster ya Mbeya, ni mama anayeuza mbasa pale sokoni, ni bodaboda wa Kasumulu ambaye kutwa anapeleka watu mpakani. Kyela tuko zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar, Karonga ya Malawi iko karibu yetu kuliko Mbeya mjini, na sidhani kama kuna kocha wa Stars aliyewahi kujiuliza watu wa huku wanataka nani aanze. Lakini tunapanga. Tumepanga tangu enzi za redio, na ushahidi upo, nimeushika kwa mikono yangu.

Ushahidi wenyewe ni daftari. Mwenye nalo ni fundi cherehani mmoja hapa mjini, mzee wa heshima zake, jina lake nalihifadhi kwa sababu hajanipa ruhusa na bado ananishonea. Mbele ya daftari kuna vipimo vya wateja, kiuno, mabega, urefu wa suruali. Ukiligeuza, kwa nyuma kuna vikosi. Kila mechi kubwa ina kurasa mbili. Upande wa kushoto ni kikosi cha fundi, Simba damu. Upande wa kulia ni kikosi cha rafiki yake, Yanga damu, mtu aliyekuwa anabeba mizigo bandarini Itungi enzi MV Songea na MV Iringa zinapiga kazi ziwani. Utaratibu wao ulikuwa hivi: kila mmoja anaandika kumi na mmoja wake kabla redio haijataja listi, halafu listi ikitoka wanahesabu nani kapatia majina mengi. Aliyekosa ananunua kimpumu.

Ukurasa wa kwanza una mwaka 1979. Hapo itabidi nikae kidogo.

Kwa wadogo zangu mliozaliwa na simu mkononi: mwaka 1979 Tanzania haikuwa imewahi kucheza fainali za Mataifa ya Afrika. Hata mara moja. Vita ya Kagera ilikuwa imetoka kuisha, dukani vitu vilikuwa vya kutafuta kwa tochi, na betri ya redio ilikuwa mali. Fundi anasema walikuwa wanazianika juani juu ya bati ili zipate nguvu kidogo za kufika dakika ya tisini. Stars ilishaitoa Mauritius, na kati yetu na fainali za Lagos za 1980 ilibaki Zambia tu. Zambia wale hawakuwa wa kuchezea. Mechi ya kwanza Dar tulishinda 1-0, goli la Mohamed Rishard Adolf. Ya marudiano ilikuwa Ndola, Agosti 26, 1979. Sare tu ingetutosha.

Sasa fikiria hali ya kijiweni. Fundi ana miaka kumi na tisa, bado anajifunza cherehani kwa bwana mwingine. Reli ya TAZARA ipo, inapita Mbeya inaenda mpaka Kapiri Mposhi, Zambia kwenyewe, lakini nauli ya kwenda Ndola hana. Alichonacho ni mdomo. Na mwaka huohuo Simba walikuwa wamefanya maajabu kwa Wazambia haohao. Walifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapa nyumbani kwenye klabu bingwa Afrika, watu wakasema imeisha, wakaenda Lusaka wakashinda 5-0. Thuwein Ally peke yake alifunga matatu. Kwa hiyo fundi kikosi chake cha Ndola hakikuwa na maswali: mbele jaza Simba. Si wanazijua njia za Zambia?

Yule wa Itungi akacheka. Yeye kwake ilikuwa Yanga pamoja na Pan African, ile klabu iliyozaliwa baada ya Yanga kupasuka katikati ya miaka ya 1970. Na kusema ukweli alikuwa na hoja, maana nguzo nyingi za Stars ile zilikuwa Pan, kina Leodegar Tenga na Jella Mtagwa kwenye ulinzi. Ila na yeye ushabiki ulimzidi. Mohamed Kajole, beki wa kushoto ambaye mpaka leo wazee wakimtaja wanavua kofia, akamuacha nje. Sababu? Kajole alikuwa wa Simba. Fundi alikasirika mpaka wakanyimana moto wa sigara.

Kilichotokea Ndola mnakijua, au mnapaswa kukijua. Zambia walitangulia. Muda ukawa unayoyoma, wazee husimulia kwamba Rais Kenneth Kaunda mwenyewe alikuwa uwanjani na wenyeji walishaanza kushangilia, halafu Peter Tino akasawazisha. Moja kwa moja. Jumla ya magoli tukawa tumeshinda, Stars ikaenda Lagos. Kocha mzalendo Joel Bendera akaingia kwenye historia, na Tino akapata jina ambalo halijafutika mpaka leo.

Haya, fungua daftari. Tafuta Tino upande wa fundi. Hayupo. Tafuta upande wa Itungi. Hayupo. Jina la Tino limeandikwa pembeni kabisa ya ukurasa, kwa kalamu nyekundu, halina namba.

Mimi nikajifanya mpelelezi. Nikamwambia, mzee, daftari hili ni jipya kuliko 1979, hata karatasi zake zinaonyesha. Akakubali bila shida. La zamani lilienda na mafuriko, si mnajua Kyela yetu na mvua za masika, maji yakiingia hayaulizi hiki ni kitabu au ni ndoo. Akakaa na mwenzake wakaandika upya kwa kukumbuka. Nikamuuliza, sasa kama mliandika upya mkijua kabisa nani alifunga, mlishindwaje kumuingiza Tino kwenye kumi na mmoja wenu mkaonekana wajanja? Akaniangalia juu ya miwani.

"Ningemuweka, wewe ungeniamini?"

Hapo nikamheshimu zaidi. Kuna watu wazima kwenye mitandao leo wanafuta posti zao dakika tatu baada ya mechi.

Lagos yenyewe nipite haraka. Machi 1980 tulifungwa na wenyeji Nigeria 3-1, goli letu Juma Mkambi. Tukafungwa na Misri 2-1, tukatoka sare 1-1 na Ivory Coast, mechi zote mbili goli letu likifungwa na Thuwein. Fundi anapenda kutaja hilo la Thuwein polepole, ili mtu wa Yanga alisikie vizuri.

Baada ya hapo kurasa ni nyingi ila nyingi hazina raha. Miaka inapita, majina yanabadilika, alama za kupatia zinaongezeka na matokeo ni yaleyale. Kuna ukurasa mmoja wa 1986 ambao si wa Stars kabisa. Wazee hawa wawili waliacha ugomvi wao wakaandika kikosi kimoja, cha Tukuyu Stars, majirani zetu wa Rungwe waliopanda ligi kuu na mwaka huohuo wakawa mabingwa wa Tanzania. Hakuna kushoto wala kulia. Nimeuliza kwa nini, nikajibiwa, "Hao walikuwa wetu, ungempanga nani na ungemtoa nani?"

Lakini ukurasa ambao umechanika kwa kufutwa na kuandikwa tena ni wa miaka ya Marcio Maximo. Kama ulikuwa mtoto miaka ile ya 2006 mpaka 2010 utakuwa ulisikia tu kelele nyumbani. Maximo, Mbrazili, aliifanya nchi ivae jezi ya Stars kama nguo ya sikukuu. Halafu akamuweka pembeni Juma Kaseja. Kipa ambaye nusu ya nchi iliamini ndiye bora kuliko wote, haitwi. Aisee. Redio za asubuhi, vijiwe, daladala, kote ni Kaseja, Kaseja. Kwenye daftari fundi kaandika Kaseja namba moja kila mechi, hata zile ambazo hakuwepo kambini. Yaani alikuwa anaandika kikosi cha nchi ambayo haipo. Mwenzake wa Itungi akawa anamwandikia kwa chini, "huyu yuko kwao."

Juni 2007 Stars ilienda Ouagadougou ikaifunga Burkina Faso 1-0. Mfungaji alikuwa kijana anaitwa Erasto Nyoni. Lishike hilo jina. Septemba mwaka huo, ikihitajika ushindi dhidi ya Msumbiji kwenye uwanja mpya wa Taifa, tukafungwa 1-0 na safari ya Ghana ikaishia palepale. Mwaka 2009 tukaenda CHAN ya kwanza kule Ivory Coast. Tuliwafunga wenyeji 1-0, goli la Mrisho Ngassa, halafu mechi ya mwisho dhidi ya Zambia, haohao, Shadrack Nsajigwa akatutanguliza. Nsajigwa, jina la kwetu kabisa, Kyela ikasimama. Zambia wakasawazisha dakika za mwisho na tukatolewa. Fundi anasema ile ilikuwa Ndola inarudishwa na riba.

Yule mzee wa Itungi alifariki 2017. Sitasema mengi, sikumjua sana. Ninachojua ni kwamba kurasa za 2018 upande wa kulia ni nyeupe. Fundi aliendelea kuandika upande wake peke yake, na hakuna aliyekuwa anamhesabia.

Mimi nimeingia kwenye hadithi hii Machi 2019, na nimeingia vibaya.

Nilikuwa nimemaliza form four mwaka uliotangulia. Matokeo yalitoka Januari na sitaki kuyaongelea hapa, tuishie kwamba mama alinipa hela ya kwenda kujiandikisha kurudia mtihani, na mlango wa kujiandikisha ulikuwa unakaribia kufungwa. Hela iko mfukoni. Nimepeleka suruali kwa fundi ipunguzwe, namkuta kafungua daftari kwa nyuma. Nikamwamkia "Mugonile", akaitikia, akaniuliza swali moja tu, "Wewe ni Yanga?" Nikasema ndiyo. Akanisogezea kalamu na ukurasa wa kulia.

Kwa mliosahau, mambo yalikuwa hivi. Ilikuwa imepita miaka 39 tangu Lagos. Kundi letu lilikuwa na Uganda, Lesotho na Cape Verde. Kocha alikuwa Emmanuel Amunike, yule Mnigeria aliyewahi kuchezea Barcelona, na tangu siku ya kwanza alitugombanisha kuhusu majina. Agosti 2018, kabla hata hajakaa benchi mechi moja, alifukuza kambini wachezaji sita wa Simba waliochelewa kuripoti, wakiwemo John Bocco na Erasto Nyoni, pamoja na Feisal Salum wa Yanga. Mtandao uliwaka. Mashabiki wa Simba walisema anaichukia Simba. Mashabiki wa Yanga tulisema kocha ana msimamo, mpaka tulipokumbuka Feisal ni wetu. Stars ikaenda Kampala bila hao, ikatoka 0-0, kelele zikapungua. Ikafungwa 3-0 Praia, zikarudi. Siku nne baadaye ikawafunga haohao Cape Verde 2-0 Dar, Msuva na Samatta, zikakata tena. Hiyo ndiyo akili yetu.

Halafu Novemba, Maseru. Samatta hayupo, ana kadi. Kapombe kaumia kambini. Lesotho 1, Tanzania 0. Siku hiyo hakuna Mtanzania aliyekubaliana na kikosi, na nadhani hata mama yake Amunike asingekubali.

Kwa hiyo mechi ya mwisho, Machi 24, 2019, hesabu ilikuwa ngumu: lazima tuifunge Uganda, na Lesotho isishinde kwa Cape Verde. Uganda walikuwa wameshafuzu, na katika mechi tano za kundi hawakuwa wameruhusu hata goli moja. Golini yuko Denis Onyango. Na huku Kyela tulikuwa na kichekesho chetu cha ziada. Waziri wa michezo wakati huo alikuwa mbunge wetu, Harrison Mwakyembe, kwa hiyo kila kijiwe kilikuwa na mtu anayesema, "Mpigieni mbunge amwambie kocha amuanzishe fulani." Wengine hawakuwa wanatania.

Nikaandika kumi na mmoja wangu. Ibrahim Ajib ndani, maana msimu ule Yanga ilikuwa ni Ajib. Erasto Nyoni nje, mtu tangu enzi za Maximo, nikasema huyu atazeekea Stars. Aggrey Morris wa Azam sikumfikiria hata. Fundi upande wake akamuweka Nyoni, akamuweka Bocco, akaweka Simba wote aliowakumbuka. Aggrey Morris hata yeye hakumwandika. Tukabishana mpaka mteja mmoja akaondoka na gauni lake lenye pindo la upande mmoja.

Jioni ile, kama saa moja kabla ya mpira, listi ikaanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Ajib haanzi. Nyoni anaanza. Aggrey Morris anaanza. Nilikuwa nje ya kibanda umiza, nimeshalipa kiingilio, nasoma yale majina na damu inapanda. Nikasema huyu kocha ametuuza. Nikasema wazee watupu mbele ya Uganda ambao hawajafungwa goli. Na kwa kuwa mimi ni mjanja kuliko kocha, nikatoa ile hela ya mama nikaiweka yote kwenye simu, nikabeti Uganda haifungwi.

Nawaomba msinicheke haraka. Nilichokifanya ni kilekile tunachokifanya wote kijiweni, ila mimi nililipia.

Dakika ya 21, Simon Msuva. Kibanda kikalipuka, kuna mtu alinirukia mgongoni simjui mpaka leo. Nikashangilia, na hapohapo tumbo likaniuma. Kipindi cha pili dakika ya 51, penati. Anayeenda kupiga ni Erasto Nyoni. Yaani katika Watanzania wote. Miaka kumi na miwili baada ya Ouagadougou, miezi saba baada ya kufukuzwa kambini, mzee anaweka mpira chini kama anaweka kikombe cha chai. Goli. Dakika ya 57, Aggrey Morris. Tatu bila. Wale wawili niliowaita wazee ndio wamefunga goli la pili na la tatu, na Uganda ambao hawakuwa wamefungwa kundi zima wamekula tatu ndani ya saa moja.

Ila bado hatukuwa tumefuzu. Huko Praia Lesotho wakipata goli moja tu, tunarudi nyumbani. Kwenye kibanda hakuna aliyekuwa anaangalia skrini tena, watu wote wako kwenye simu wana-refresh, mtandao wenyewe wa Kyela siku hiyo ulikuwa wa kusuasua. Mtu anapiga kelele "imeisha!", mwingine anasema "bado!" Ikaisha 0-0. Nimeona watu wazima wanalia siku ile, na mimi nililia. Waliokuwa pembeni yangu walidhani ni furaha, na nusu yake ilikuwa furaha kweli.

Mtihani sikurudia mwaka ule. Mama alijua mwezi wa sita, sikumwambia mimi, na hakuongea sana, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kama angeongea. Mwaka uliofuata hela haikuwepo. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuandika huku, kama uliwahi kujiuliza.

Siku ya pili yake wachezaji waliitwa Ikulu, Rais Magufuli akatangaza viwanja Dodoma kwa kila mmoja, na Peter Tino naye alikuwepo, akakumbukwa. Fundi aliposikia habari ya Tino alisimamisha cherehani. Akachukua daftari. Kwenye ukurasa wa 2019, pembeni, kwa kalamu nyekundu, akaandika Aggrey Morris. Bila namba. Halafu akahesabu alama zetu, akanishinda kwa majina mawili, yote ya Simba. Nikamwambia, mzee, wewe Nyoni hukumuweka kwa sababu ya mpira, ulimuweka kwa sababu ya jezi. Akasema, "Na wewe ulimtoa kwa sababu gani?"

Sikuwa na jibu na sina mpaka leo.

Ndiyo maana nikisoma watu wanavyochambana kabla ya mechi za Stars nakuwa mpole kidogo. Kocha anawaona mazoezini kila siku, anajua nani kalala vizuri, nani goti linamsumbua, nani kachelewa kambini. Sisi tunaona rangi mbili. Sisemi kocha anapatia siku zote, Maseru ile hata leo sitaisamehe. Na huko Misri baadaye Amunike alifungwa zote tatu, Senegal 2-0, Kenya 3-2 tukiwa tumetangulia mara mbili, Algeria 3-0, na kibarua kikaota nyasi. Kwa hiyo kelele zetu hazikuwa za bure zote. Ila kama kikosi cha Ndola kingepangwa na fundi na mwenzake, Tino angekuwa nyumbani anasikiliza redio. Na kama cha Uganda ningekipanga mimi, sijui.

Fainali za 2024 zilipofika tulishakuwa wazoefu. Tulifuzu kwa sare ya 0-0 kule Annaba, Algeria, Septemba 2023, mechi ambayo tulilalamika kwamba kocha Adel Amrouche kajaza mabeki mpaka filimbi ya mwisho ilipolia, tukageuka wote kuwa wataalamu wa kujilinda. Kule Ivory Coast tukafungwa na Morocco 3-0. Amrouche akafungiwa kwa maneno aliyoyasema kuhusu Morocco, na nafasi yake akachukua Hemed Suleiman, ambaye jina lake la utani ni Morocco. Hii nchi haihitaji wachekeshaji. Mechi ya pili, Zambia. Msuva dakika ya 11. Wao wakapata kadi nyekundu, tukaanza kuhesabu pointi, halafu dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha. Zambia tena. Fundi alizima redio, yeye bado anasikiliza redio hata kama runinga ipo mbele yake, akasema deni la Ndola sasa tumelipa mara mbili.

Ikabaki Kongo, Januari 24. Tukishinda tunavuka makundi, jambo ambalo Stars haikuwa imewahi kulifanya. Mechi ilikuwa saa tano usiku kwa saa zetu. Mchana kutwa kibandani kwa fundi walijaa watu, mvua inanyesha, wateja na wasio wateja. Mmoja anataka Samatta aanze hata kwa mguu mmoja. Mwingine anataka Samatta apumzike, Kibu Denis akimbize mabeki. Kuna dogo wa sekondari akasema acheni Simba na Yanga, wekeni vijana waliozaliwa Ulaya, hao hawana uzee wa ligi yetu. Akapigwa kelele na pande zote mbili, mara ya kwanza naona Simba na Yanga wakiwa timu moja.

Fundi mikono imeanza kumtetemeka, uzi wa sindano siku hizi anatungiwa na mjukuu. Akanisogezea daftari lote, kushoto na kulia. Akataja majina yake mimi naandika, halafu nikaandika yangu. Tulipomaliza nikaona anacho kitu anasitasita kukisema.

"Pembeni," akasema. "Acha nafasi pembeni."

Nikaacha. Ikaisha 0-0, hakuna aliyefunga. Tukatoka mashindanoni na pointi mbili, na ile nafasi ya pembeni bado ni nyeupe.

Juzi nimepita kuchukua shati. Alikuwa anapima mtu mabega, futi shingoni, pini mdomoni. Akaniona akatoa pini. Hakunisalimia hata.

"Beki wa kushoto," akasema, "nani?"

Nikamtajia. Akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa, kama mtu aliyeletewa kitambaa pungufu, akamwambia mteja asubiri kidogo.